Kadi ni Nzima, Kinachokosekana ni Ruhusa

Naomba nianze kwa kuitetea kadi yenyewe, kwa kuwa katika malalamiko yote yatakayofuata ndiyo pekee isiyo na hatia. Kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani ya laptopu ya mwaka 2007 haina kitu kinachozunguka, haina feni wala mkanda wa kukatika. Ukifungua kifuniko cha chini utaikuta imelala palepale ilipowekwa kiwandani, skrubu zimekaza, nyaya mbili nyembamba za antena zimebanwa kichwani pake, haijaungua wala haijapata kutu. Mpelekee fundi yeyote, atakuambia ni nzima. Sasa mimi nauliza, na nitaendelea kuuliza mpaka nijibiwe: kama ni nzima, mbona haifanyi kazi?

Jibu nimelipata kwa kuhangaika na laptopu kuukuu za ukoo mzima, nalo ni kwamba haina ruhusa. Kinachokosekana si umeme wala si maarifa, ni kibali. Mahali fulani, mtu fulani mwenye suti hakutia saini, na kwa ajili yake mimi nakesha.

Sikusomea ufundi. Nilichofanya ni kusema mbele ya ndugu zangu kwamba Linux, ule mfumo endeshi huria unaowekwa badala ya Windows, hufufua kompyuta za zamani, jambo ambalo ni kweli tupu, na tangu hapo kila anayenunua laptopu mpya huniletea ile iliyochoka na kunikabidhi kwa maneno yaleyale: "Mjomba, iwekee ile Linux yako, mradi tu ishike Wi-Fi." Mradi tu! Linux yenyewe huingia bila matata. Skrini inawaka, sauti inatoka, kipanya kinatembea, na hata kamera ambayo hakuna aliyeiulizia inamulika paji la uso wangu. Kile kimoja kilichoombwa ndicho kinachogoma.

Kazi huanza kwa kuitambua kadi, maana kibandiko chake kimefutika zamani. Amri yake ni lspci -nn, ambayo huorodhesha vilivyomo ndani ya mashine pamoja na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha, ya kwanza ikiwa ya kampuni na ya pili ya kifaa. Intel walijitwalia 8086, namba ya prosesa yao ya mwaka 1978, majivuno ambayo mimi binafsi nimeyasamehe. Atheros ni 168c, Realtek ni 10ec, Broadcom ni 14e4. Mtu angedhani kwamba namba ni namba na hapo hapana la kubishania, lakini katika familia ya chipu za Broadcom iitwayo BCM43xx, kadi yenye namba 14e4:4312 chipu yake ni BCM4311, ilhali ile ambayo chipu yake ni BCM4312 namba yake ni 14e4:4315. Anayetafuta draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, kwa kufuata jina huishia na ya jirani, na anayefuata namba hukosolewa na kila mjuaji kwamba kadi aliyonayo siyo hiyo. Wote wawili wana ushahidi mkononi, na ndiyo maana ugomvi wao hauishi.

Ukishaijua kadi unakutana na kibali cha kwanza, ambacho ni baba wa vibali vyote. Kadi hizi hazibebi akili zao zote. Ndani yake mna kichakataji kidogo ambacho kila kinapowashwa husubiri kupakiwa programu dhibiti, faili la makumi machache ya kilobaiti, dogo kuliko picha yoyote iliyomo kwenye simu yako. Draiva imo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, tena iliandikwa kwa jasho. Kwa kuwa Broadcom hawakutoa maelezo ya chipu hizo, watu wa kujitolea waligawanyika makundi mawili: kundi moja liliichambua draiva ya kampuni na kuandika jinsi chipu inavyofanya kazi, na kundi la pili, ambalo halikuruhusiwa hata kuichungulia draiva hiyo, likaandika mpya kwa kufuata maandishi ya wenzao tu, ili asije akatokea wakili wa kusema kwamba imenakiliwa. Kazi hiyo iliingia katika keneli 2.6.17 mwaka 2006, kisha ikafanyiwa mageuzi na kurudi kwa jina la b43 katika keneli 2.6.24 mwaka 2008. Watu wamejitesa kiasi hicho, lakini lile faili dogo bado ni mali ya kampuni na leseni yake haimruhusu mtu mwingine kulisambaza. Kwa hiyo kadi unayo, draiva halali unayo, faili lenyewe lipo duniani na wenye nalo ni wengi, ila hakuna aliyeruhusiwa kukupa.

Hapo ndipo draiva inapoandika katika kumbukumbu za keneli ujumbe ambao, kama kungekuwa na tuzo ya utani usiokusudiwa, ungeipata kila mwaka. Unasema kwamba faili la b43/ucode5.fw halikuonekana, kwamba ni lazima uende kwenye tovuti fulani, ambayo anwani yake imeandikwa kamili, ukapakue programu dhibiti inayolingana na draiva hii, na kisha, kwa adabu ya hali ya juu, unaombwa usome kwa makini maelekezo yote yaliyoko kwenye tovuti hiyo. Tafadhali tulitazame jambo hili bila hasira. Kompyuta haina mtandao. Imekosa mtandao kwa sababu ya faili. Dawa ya faili ni kwenda mtandaoni, tena ukifika huko usiwe na haraka, usome kila kitu. Ni sawasawa na kumwambia mtu aliyefungiwa nje usiku kwamba ufunguo uko ndani juu ya meza, na kwamba maelezo ya kuufikia yamebandikwa mlangoni, upande wa ndani.

Debian, watengenezaji wa toleo mojawapo la Linux, wametengeneza pakiti iitwayo firmware-b43-installer, na ukilisikia jina hilo utaamini kwamba programu dhibiti imo humo. Haimo. Ni maelekezo ya kwenda mtandaoni kuichukua draiva ya kampuni, yakisaidiwa na programu ndogo iitwayo b43-fwcutter, ambayo huipasua draiva hiyo tumboni na kutoa faili zilizomo, ndani ya kompyuta yako wewe mwenyewe na kwa amri yako wewe mwenyewe, ili siku ya kuulizana ionekane kwamba hakuna aliyekupa kitu, umejipatia. Ninaiheshimu sana akili iliyobuni ujanja huu, na papo hapo ninasikitika kwamba akili kubwa namna hiyo ilitumika kukwepa karatasi. Mwaka 2022 Debian walipiga kura, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikaja na programu dhibiti zisizo huria ndani ya kisakinishi chenyewe, jambo lililonifanya nishangilie peke yangu sebuleni. Familia ile ya BCM43xx haikunufaika na shangwe zangu, kwa kuwa kura ya Debian haibadilishi leseni ya mtu mwingine.

Kinachookoa jahazi siku hizi ni simu. Unaichomeka kwa waya wa USB, unawasha huduma ya kushiriki intaneti kupitia waya huo, na laptopu inaipokea kama mtandao wa kawaida wa waya bila kuuliza swali hata moja. Nawaombeni mkitazame kioja hiki kwa karibu: simu inashika Wi-Fi kwa kadi yake iliyomo ndani, inaipitisha intaneti kwenye waya wenye urefu usiofika mita, na kuikabidhi laptopu yenye kadi yake yenyewe ya Wi-Fi, ili laptopu ipakue kilobaiti chache za kuiwezesha kufanya kile ambacho simu inakifanya muda huohuo pembeni yake. Na hapo ukiugusa waya kidogo, upakuaji unaanza upya.

Asije mtu akadhani ninaionea kampuni moja. Kadi za Intel za 3945ABG, zilizojaa kwenye laptopu za miaka ile, draiva yake ya kwanza haikukubali kufanya kazi bila programu nyingine iliyofungwa, yaani ambayo msimbo wake ni siri ya kampuni, iitwayo ipw3945d, iliyokaa macho muda wote kuhakikisha kwamba redio haivuki mipaka ya sheria za masafa. Mpaka ilipokuja draiva ya iwl3945 mwaka 2008 ndipo mlinzi huyo akastaafishwa. Kadi za Atheros nazo zilitumia draiva ya MadWifi iliyobeba kiini kilichofungwa kwa hoja hiyohiyo ya masafa, hadi ath5k, iliyo huria kabisa, ilipoingia katika keneli 2.6.25 mwaka huohuo. Maana yake ni kwamba mimi ninayetaka kusoma barua pepe nikiwa nimeegemea mto nilikuwa nashukiwa kutaka kuanzisha kituo cha redio.

Wapo walioishi enzi za ndiswrapper, na ukikutana nao uwape heshima zao. Hiyo ilikuwa programu ya kuichukua draiva ya Windows XP, faili lake la .inf na la .sys, na kuidanganya ifanye kazi ndani ya Linux ikidhani bado iko kwao. Ilifanya kazi mara nyingi kuliko ilivyostahili. Ikigoma, iliigandisha mashine yote kwa pamoja, na kama Linux yako ni ya biti 64 ilidai draiva ya Windows ya biti 64, ambayo kwa kadi nyingi za umri ule haikuwahi kutengenezwa. Siitamani tena.

Tuseme basi kwamba programu dhibiti imepatikana, kadi imeamka na jina imepewa. Zamani jina lilikuwa wlan0 na mtu aliweza kulikariri. Sasa ni wlp3s0 au kitu kirefu zaidi kinachoeleza mahali kadi ilipochomekwa, kana kwamba mimi nina mpango wa kwenda kuitembelea. Unatafuta mitandao iliyo karibu na hupati hata mmoja. Unaandika rfkill list, nayo inakujibu kwamba kuna vizuizi viwili, kimoja cha programu na kingine cha maumbile. Cha programu unakiondoa kwa rfkill unblock all na kinatii. Cha maumbile hakisikii la mtu, kwa sababu mahali fulani ukingoni mwa laptopu kuna swichi ndogo ya rangi ileile ya ganda lake, iliyofichwa chini ya ukingo wa mbele ambako kila anayeibeba laptopu huisukuma bila kujua.

Hiyo ni laptopu yenye huruma. Zipo ambazo swichi yake ilishavunjika ikiwa upande wa kuzima, na nyingine swichi ni kitufe cha kibodi ambacho Linux haielewi kinasema nini. Hapo watu hufanya upasuaji ambao nimeushuhudia kwa macho yangu na kuufanya kwa mikono yangu. Kadi ya mini PCIe ina pini 52, na pini ya 20 ndiyo inayobeba amri ya kuzima redio. Unaitoa kadi, unaigeuza, unahesabu pini kwa ncha ya sindano huku umezuia pumzi, na unapoifikia ya 20, ambayo upana wake haufiki milimita moja, unaifunika kwa kipande cha utepe wa gundi kilichokatwa kwa wembe. Utepe ukiteleza kidogo unaiziba pini ya jirani, na jirani ana kazi nyingine kabisa. Ukiuweka sawasawa, redio haipati tena habari kwamba imezimwa na inafanya kazi kwa furaha. Kwa hiyo mnyororo mzima wa teknolojia, kuanzia wanasayansi wa mawimbi hadi waandishi wa keneli, unashikiliwa na kiselotepu kisichoonekana bila miwani.

"Lakini Mjomba," ananiambia mpwa wangu, ambaye ni kijana mwenye majibu, "si ungetoa kadi hiyo ukaweka nyingine nzuri?" Wazo zuri, na kadi ya Atheros inayotumia draiva ya ath9k ni kipenzi cha watu wa Linux kwa sababu haihitaji kupakiwa programu dhibiti yoyote. Mtu anaitafuta, anaipata, anaibana kwa skrubu, anaivalisha zile nyaya za antena kwa kubonyeza kwa kucha mpaka zitoe mlio mdogo wa kukubali, anawasha. Laptopu inamtazama. Kisha inaandika kwamba kadi ya mtandao isiyoidhinishwa imechomekwa, na kwamba aizime mashine na kuitoa. Haikubali hata kuendelea kuwaka! Kumbe mtengenezaji wa laptopu, ambaye sitamtaja, aliweka ndani ya BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Linux, orodha ya kadi anazozitambua, na kadi isiyokuwemo kwenye orodha haina nafasi, hata kama ni bora kuliko zote zilizomo. Linux hapo haina kosa lolote, maana haijapewa hata nafasi ya kuanza. Mwenye laptopu amenunua laptopu, amenunua kadi, ana risiti mbili na bisibisi moja, naye bado anahesabiwa kuwa mvamizi.

Sasa turudi kwenye ile kadi ya awali, maana hakuna njia nyingine. Ina draiva, ina programu dhibiti, ina selotepu. Inaiona mitandao ya majirani wote isipokuwa wa nyumbani. Hapa nawashauri mtazame chaneli. Katika masafa ya gigahezi 2.4, Marekani hutumia chaneli 1 hadi 11, nchi nyingi nyingine huruhusu hadi ya 13, na kadi nyingi za zamani ziliandikiwa kiwandani eneo zilikokusudiwa kuuzwa. Ruta ikijichagulia chaneli ya 13 kwa sababu imeona huko kuna utulivu, kadi iliyoandikiwa ya Marekani haiioni kabisa, na amri ya iw reg set, ya kuiambia kadi iko nchi gani, haisaidii, kwa sababu mipaka iliyoandikwa ndani ya kadi huweza kukazwa lakini si kulegezwa. Unaingia kwenye ruta, unaihamishia chaneli ya 6, na ghafla mtandao unaonekana. Jamaa wengine ndani ya nyumba wanauliza kwa nini intaneti imekuwa nzito. Unakaa kimya.

Likija suala la nenosiri, kadi za umri mkubwa zaidi, zile za PCMCIA zilizochomekwa ubavuni, zilijua WEP tu, ulinzi uliothibitishwa kuwa mbovu tangu mwaka 2001. Kadi za miaka ya kati zinaijua WPA2 ya mwaka 2004, na hizo ndizo ninazoishi nazo kwa amani hadi mtu anunue ruta mpya, aione WPA3, apendezwe na tarakimu na kuichagua hiyo tu. Au mtu awashe hotspoti ya simu katika gigahezi 5, kisha anitazame mimi kwa masikitiko kwamba Linux yangu haiioni. Kadi ya b/g, yaani ya viwango vya zamani vya Wi-Fi, haina redio ya gigahezi 5, ndugu zangu. Hata ingewekewa mfumo wa kurushia vyombo angani isingeiona.

Na baada ya yote hayo inafanya kazi, naapa inafanya kazi. Kwenye boksi waliandika megabiti 54 kwa sekunde, kiwango cha 802.11g cha mwaka 2003, nawe unapata ishirini na kitu siku ikiwa njema, kiasi kinachotosha kabisa kusoma, kuandika na kutazama video isiyo na majivuno. Ukizima ule utaratibu wa kubana umeme kwa amri ya iw, hata tabia yake ya kukatika kila unapoanza kufurahi inapungua. Hapo mimi hutulia, na hapo ndipo wenye keneli huona wakati umefika. Katika keneli 6.8 ya Machi 2024 waliondoa kundi zima la draiva za kadi za kale, orinoco na hostap zikiwemo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzitunza, na Debian 13 ya Agosti 2025 haikuja tena na kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Siwalaumu, kwani anayefanya kazi bila malipo ana haki ya kuchoka. Nalalamika tu, na hilo bado halijahitaji leseni.

Mpwa wangu alichoka kunisikiliza, akaniletea kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, kipya, bado kimo kwenye pakiti yake. "Mjomba, haya mambo yaishe." Nikakichomeka. Keneli ikakitambua papo hapo, kwa uhakika kabisa, kuwa ni kiendeshi cha CD. Nilidhani ni utani, nikaifungua hiyo CD, na ndani yake nikakuta draiva ya Windows. Ndivyo vilivyo vifaa vingi vya aina hiyo: hujitambulisha kwanza kama CD ili Windows isakinishe draiva, na baada ya hapo ndipo hukumbuka kwamba vyenyewe ni kadi za mtandao. Kwenye Linux inabidi uviamrishe, ama kwa programu ya usb_modeswitch, ama kwa amri ileile ya siku zote ya kutoa CD. Mpwa wangu alisimama nyuma ya kiti changu akinitazama nikiandika eject, kwenye laptopu ambayo haikuwahi kuwa na mahali pa kuwekea CD.

"Sasa inatoka wapi?" akauliza.

Nikamwambia ashike waya wa simu usitikisike, maana draiva yake nayo iko mtandaoni.